Kabla ya kisu, nunua kinoo

Orodha za visu vya jikoni zinazoandikwa Ulaya na Marekani huanza karibu zote na kisu kimoja: kile kipana cha mpishi, urefu wa sentimita 20, tumbo limepinda kidogo ili mkataji akibembeze juu ya ubao. Nunua hicho kwanza, wanasema, vingine vitafuata. Kwao ni kweli. Hapa Pongwe, Tanga, kisu hicho kina shida: jikoni mwetu hakina kazi ya kufanya.

Pita asubuhi yoyote nyuma ya nyumba za huku, kuanzia zilizo karibu na kiwanda cha saruji hadi zile zinazopakana na reli ya kwenda Muheza. Utamkuta mama ameketi kwenye kigoda, sufuria iko miguuni, kitunguu kiko kiganjani. Ubao wa kukatia haupo. Kisu kinashuka kuelekea dole gumba, kinakoma kabla ya ngozi, kitunguu kinazungushwa, kisu kinashuka tena, na vipande vinaangukia moja kwa moja kwenye mafuta. Matembele hubanwa fungu zima, yakasukumwa mbele kidogo kidogo huku kisu kikikata nyuzi nyembamba. Bamia, nyanya, karoti ya pilau, vyote hukatwa hewani. Mpishi wa hoteli aliyesomea kazi hiyo angesema huu ni uzembe, lakini nimewaona wanawake wa hapa wakimaliza kilo ya vitunguu bila kuangalia mikono, huku wakiendelea kusimulia habari za msiba wa jana.

Kwa hiyo mtu wa Tanga anayetaka kuanza kukusanya visu vizuri aanze kwa kujitazama anavyokata. Akiwa anakatia mkononi, kisu chake cha kwanza ni kidogo: makali ya sentimita nane hadi kumi, bapa jembamba, mpini mwepesi usioteleza ukiwa na maji. Kisu cha sentimita 20 mkononi ni hatari na hakina faida.

Nasema haya kwa sababu naona mambo yanavyokwenda. Ndugu anarudi kutoka Maskati au Dubai na boksi. Ndani mna visu vitano vyenye mipini ya kufanana, mkasi, na kigogo cha mbao chenye matundu ya kuvichomeka. Boksi linafunguliwa sebuleni mbele ya watu, kila mtu anashika kimoja na kukisifu, kisha kigogo kinawekwa juu ya friji au ndani ya kabati la vyombo, kando ya vikombe vya wageni. Huko kinakaa. Jikoni kazi inaendelea na kile kisu cha elfu mbili chenye mpini wa plastiki, kilichonunuliwa kwa mchuuzi aliyepanga bidhaa zake chini kwenye turubai. Sina ugomvi na zawadi za ndugu. Ila boksi la namna hiyo linamkusanyia mtu visu ambavyo hakuvichagua, kwa kazi ambazo hazifanyi. Kile cha meno cha kukatia mkate, kwa mfano, katika nyumba inayokula boflo la kumegwa kwa mkono na mkate wa kumimina, kinangoja nini?

Tukija kwenye ubora wenyewe, watu wengi hudhani ni jina lililogongwa kwenye bapa. Majina yana historia, siyakatai. Mji wa Solingen, Ujerumani, umefua makali tangu zama za kati, na tangu 1938 sheria ya huko inakataza mtu kuandika jina la mji huo kwenye kisu ambacho hakikutengenezwa pale. Kampuni ya Zwilling ilisajili alama yake ya mapacha mwaka 1731. Waswisi wa Victorinox walianza 1884, na kisu chao kidogo cha mpini wa plastiki ndicho hasa kinachofaa mkono wa mama wa Pongwe, ingawa hata huko Ulaya kinahesabiwa kisu cha bei nafuu. Lakini sheria ya Ujerumani haisimamii turubai la mchuuzi wetu. Muhuri unaweza kugongwa na yeyote, na maandishi hayakati nyanya.

Kinachokata ni chuma, na siri kubwa ya chuma ni kaboni. Nondo ya kujengea ina kaboni kidogo, mara nyingi asilimia 0.2 hadi 0.3. Ukiifua ikawa kisu, itanoleka, itakata siku hiyo, kesho imelala. Haiwezi kuwa ngumu ya kutosha hata uipashe moto namna gani. Springi ya gari, yale mabamba yaliyopinda chini ya lori, ina kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, na hiyo ndiyo sababu wahunzi wetu wanaipenda kuliko chuma kingine chochote cha skrepa. Kisu cha kawaida cha Kijerumani kina kaboni ya kiwango hicho hicho, asilimia 0.5, pamoja na kromiamu asilimia 15 ya kuzuia kutu. Baadhi ya visu vya Japani vinapita asilimia moja ya kaboni, ndiyo maana hunoleka vikawa vyembamba ajabu, na ndiyo maana hubanduka makali ukivigonga kwenye kichwa cha kolekole.

Kwa maneno mengine, mhunzi anayefanya kazi chini ya mwembe akiwa na springi ya lori lililochoka kubeba kokoto ana malighafi inayokaribiana na ile ya Solingen. Tofauti iko kwenye moto. Nimesimama mara kadhaa kumtazama mzee mmoja wa kazi hiyo. Anakipasha kisu kwenye makaa mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, anakitoa kwa koleo, anakigonga juu ya fuawe, anakirudisha. Kikishapata umbo anakipasha kwa mara ya mwisho na kukizamisha kwenye kopo la oili chafu ya injini. Moshi unapanda, harufu inakaa kwenye nguo hadi jioni. Hapo chuma kimekuwa kigumu lakini kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika, kwa hiyo inabidi kipashwe tena polepole, moto mdogo, mpaka uso wake uliosuguliwa uonyeshe rangi ya majani makavu, ndipo kitoke.

"Shikamoo fundi. Unajuaje kwamba moto umetosha?"

"Marahaba mwanangu. Naangalia rangi. Jua likiwa kali sioni, ndiyo maana unanikuta asubuhi."

Viwandani kazi hiyo hufanywa na tanuri linalopimwa joto, na kila kisu hutoka sawa na mwenzake. Kwa mzee, kimoja kitatoka kikishinda cha dukani na kingine kitatoka laini, na hakuna mnunuzi atakayejua mpaka apike nacho mwezi mzima. Hapo ndipo tunapopoteza, na hatupotezi kwa sababu ya kukosa ujuzi wa asili. Al-Idrisi, aliyeandika jiografia yake karne ya 12, aliitaja pwani hii kwa chuma chake kilichouzwa hadi India. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake, katika kuchunguza vyuma vya miji ya kale ya Waswahili, walikuta Galu, kusini mwa pwani ya Kenya, chuma cha pua kilichoyeyushwa kwenye chungu, kazi ambayo wataalamu walizoea kuihusisha na India na Uajemi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika jinsi Wahaya wa Kagera walivyozalisha chuma chenye kaboni karne nyingi kabla ya mkoloni. Na huku karibu, Upareni, ukoo wa Washana ulifua vyuma vilivyouzwa hadi Uchagani. Mtu anayesema kisu kizuri lazima kitoke ng'ambo hajui anakotoka.

Hata hivyo nisidanganye kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani. Kisu cha springi kina adui mkubwa pwani, nacho ni hewa yenyewe. Chumvi ya bahari, jasho la mvua za masika, ndimu, ukwaju, embe bichi: kiache usiku mmoja kwenye beseni la vyombo, asubuhi kina madoa mekundu. Kisu kama hicho kikiwa kipya huacha rangi na harufu ya chuma kwenye kitunguu. Dawa yake ni kukifuta mara tu unapomaliza na kukipaka tone la mafuta ya nazi. Nyumba yenye watoto wanaotumwa kuosha vyombo haiwezi kuahidi hivyo kila siku. Kwa kisu kidogo cha kila saa, basi, nashauri cha chuma kisichoshika kutu, ambacho dunia inamshukuru Harry Brearley wa Sheffield kwa kukigundua mwaka 1913. Kazi nzito mwachie mhunzi.

Sasa nije kwenye kinoo.

Simama kituo cha Muheza au pale Segera, mabasi yanapopunguza mwendo, uwatazame vijana wa machungwa. Chungwa linazunguka kiganjani, kisu kimetulia, ganda linatoka utepe mmoja usiokatika, ule weupe wa ndani unabaki umefunika tunda lote pasipo tone la maji kuvuja. Kisha anakata kifuniko juu na kukupa dirishani. Omba uone hicho kisu. Ni kile kile cha elfu mbili, kimenolewa mpaka bapa limebaki jembamba kuliko mpini. Kijana hajawahi kusikia habari za Solingen. Lakini ana kijiwe mfukoni au kwenye ndoo, na anakigusia kisu chake mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, hangoji kilale.

Wakata mkonge nao ni hivyo. Mashamba ya mkonge yameizunguka Tanga tangu Richard Hindorf alipoleta vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ambavyo 62 tu vilifika hai. Watu wa hapa wanasema mkonge ulileta reli, ulileta watu wa makabila yote, ulileta kambi. Mimi naongeza kwamba ulileta nidhamu ya kunoa. Mkataji anayefunga majani kwa matita ya 30, akilipwa kwa idadi, hawezi kuingia shambani na kisu butu. Ataumia bega na hatafikisha kazi. Baba wa nyumba nyingi za Pongwe walitoka shambani jioni na tupa kiunoni. Ajabu ni kwamba tupa hiyo haikuvuka mlango wa jikoni. Jikoni mama alinoa kwa kukwangua kisu kwenye ngazi ya saruji, au kwa kupindua sahani ya udongo na kusugua kwenye ule ukingo usiong'aa chini yake. Sahani inasaidia kweli, wala siidharau. Ngazi inaharibu.

Kisha kuna mnoaji wa baiskeli, anayepita mitaani akigonga chuma ili watu watoke. Baiskeli inasimamishwa, mnyororo unazungusha jiwe, cheche zinaruka, watoto wanakusanyika. Mpe panga, mpe shoka la kuni, mpe mundu. Kisu chembamba cha jikoni nakuomba usimpe, labda uwe umesimama naye akipoze kwenye maji kila mara. Jiwe linalozunguka kwa kasi hula chuma kingi kwa dakika moja kuliko kinoo cha mkono kwa mwaka, na joto lake likizidi, makali hugeuka rangi ya samawati. Ukiona rangi hiyo, ule ugumu uliolipia umeondoka na hauwezi kurudi mpaka kisu kirudi kwenye makaa.

Kinoo cha kawaida cha pande mbili, upande mmoja wenye punje nene na mwingine laini, kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga mjini. Kilaze juu ya kitambaa chenye maji kisiteleze. Kilowanishe. Kisu kidogo kilale karibu kabisa na jiwe, mgongo wake uinuke kama nusu sentimita tu, hiyo inakupa nyuzi 15 hivi kwa bapa la sentimita mbili. Kisukume mbele kana kwamba unataka kuchana ngozi nyembamba ya jiwe, bila kubonyeza sana, ukibakiza pembe ile ile kutoka kitako hadi ncha. Baada ya muda pitisha kidole upande wa pili, kutoka mgongoni kuja ukingoni, kamwe usipitishe kando ya makali. Ukihisi kitu kinakwaruza, upande huo umefika, geuza. Maliza kwenye upande laini, kisha kifute kisu kwenye gazeti lililokunjwa, hata hili unalolisoma, ukikivuta kuelekea mgongoni. Chukua nyanya iliyoiva, weka kisu juu yake, kivute bila kubonyeza. Kikizama chenyewe, umenoa. Kikiteleza juu ya ganda, rudi kwenye jiwe.

Najua pingamizi litakaloletwa, kwa sababu nimelisikia jikoni kwa shangazi zangu: kisu kikali kitamkata mtoto, na kwetu tunakatia mkononi, dole gumba liko pale pale. Wapo wanaokiacha kisu kiwe butu kwa makusudi. Sababu yao ina uzito na siipuuzi. Lakini tazama kidonda cha jikoni kinavyotokea. Kisu hakipati, mkono unaongeza nguvu, kisu kinateleza juu ya ganda la kitunguu, na nguvu ile yote inaishia kwenye kidole. Kisu kinachopata kinaingia kwa uzito wake na mkono unabaki mwepesi. Mtoto apewe kazi ya kuchambua mchicha mpaka afike umri wa kufundishwa, na akifundishwa afundishwe kwa kisu kikali. Wazee wa kwetu walikuwa na adabu yao: kisu hakipokezwi mkononi, kinawekwa chini na mwenzio anakiokota. Adabu hiyo inafaa kisu chenye makali, kwa kisu butu haina maana.

Na dini nayo imelisemea jambo hili. Mtume, kwa hadithi iliyopokelewa na Shaddad bin Aws, ameagiza anayechinja anoe kisu chake na ampunguzie mnyama maumivu. Kwa hiyo kisu cha kuchinjia kitengwe, kisikatie vitunguu, kisifungulie makopo, kisichezewe. Nyumba nyingi hukopa kisu hicho kwa jirani asubuhi ya Idi, na jirani naye hajakigusa tangu Idi iliyopita.

Ukishakuwa na kinoo na kisu kidogo, ongeza polepole, kimoja kwa wakati, kila kimoja kikiitwa na kazi yake. Anayenunua samaki wazima atataka kisu chembamba kinachopinda, sentimita 15 au zaidi, cha kufungulia changu na kufuata mfupa wa nguru. Anayepika kwa nazi atataka panga dogo la mhunzi, ambalo mgongo wake unavunja nazi na makali yake yanafungua dafu na kupasua mihogo na kuku. Hapa ndipo mahali pa springi ya lori. Mama lishe anayekata kabichi za kachumbari kwa ndoo, yeye ndiye apewe kile kisu kipana cha orodha za ng'ambo, pamoja na meza na ubao wa mti. Ubao wa kioo na sinia la chuma vinaua makali kwa siku moja, hata kisu kiwe cha nani.

Na usisahau kuhesabu mbuzi ya kukunia nazi. Hakuna orodha ya ng'ambo iliyowahi kuiandika, lakini ule ulimi wa chuma wenye meno ni makali kama makali mengine, unachakaa na unanoleka kwa tupa ndogo, jino kwa jino. Watu hulalamika nazi za siku hizi hazina tui. Baadhi ya lawama hizo ni za mbuzi.

Visu vya mkusanyaji mmoja mmoja havitoshi bila wa kuvitengeneza. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ipo Tanga, na chuo cha ufundi cha VETA kipo. Wahunzi wetu hawahitaji semina nyingine ya ujasiriamali. Wanahitaji tanuri moja lenye kipimo cha joto, la kutumia kwa zamu, na mtu wa kuwaonyesha tofauti ya nyuzi 200 na nyuzi 300 wanapopasha kisu mara ya pili. Springi wanazo, mikono wanayo, na wateja wapo kila nyumba inayopika.

Wateja hao, kwetu, huanzia kwenye kicheni pati. Kamati zake huandika sufuria za seti, madeli, jiko la gesi, vikombe vya dazeni, na mwisho wa orodha, kama fedha imebaki, visu. Naziomba zigeuze. Andikeni kinoo kimoja na kisu kidogo kimoja kizuri kabla ya sufuria ya saba, na somo wa bibi harusi, pamoja na yote atakayomfundisha usiku ule, amkalishe mbele ya jiwe lenye maji na nyanya moja iliyoiva.